Ufunguo wa Chumba cha Kompyuta

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi mbele ya kamati za miradi za sharika na marafiki wa chuo chetu cha afya



 Katika ratiba mliyo nayo mkononi imeandikwa kwamba ofisi ya miradi itatoa taarifa ya vifaa vya kompyuta chuoni. Tunaomba mtuvumilie, kwa sababu tutakayosema ni nusu taarifa na nusu toba. Na mwishoni tutauomba mkutano huu uamue jambo moja: kontena la pili la kompyuta ambalo marafiki zetu wametuahidi kwa moyo mweupe, tulipokee au tusilipokee?

Ili muamue vizuri, kwanza tukumbushane tulikotoka.

KONTENA LA KWANZA

Wengi wenu mlikuwepo siku ile. Lori lilipanda mlima kwa shida, kwaya ikaimba, akina mama wakapiga vigelegele, na mbuzi wawili wakachinjwa. Kompyuta 40, zote zilizokwisha kutumika katika maofisi ya ng'ambo, zilibebwa na wanafunzi hadi kwenye chumba kilichopakwa rangi mpya. Utepe ulikatwa. Picha ilitoka katika jarida hili hili, na chini yake tuliandika kwamba wanafunzi wetu 240 sasa wamefunguliwa mlango wa teknolojia.

Hatukusema uongo siku ile. Kosa letu ni kwamba hatukurudi kuwaandikia kilichofuata.

Kilichofuata ni hiki. Katika msimu wa kwanza wa mvua radi ilipiga, na jengo letu halikuwa na waya wa kuipeleka ardhini. Mashine kadhaa zilikufa siku hiyo hiyo. Umeme nao ulikuwa ukikatika na kurudi kwa nguvu, na kila uliporudi uliunguza kitu. Kiangazi vumbi likaingia ndani ya mashine na kuziba feni. Virusi vikaenea kutoka mashine moja hadi nyingine kwa njia ya flashi. Chuo hakikuwa na fundi wake. Tulikuwa tukimwita kijana kutoka mjini, naye kwa haki kabisa alidai nauli na ujira, lakini bajeti haikuwa na kifungu cha kumlipa. Tukaanza kunyofoa vipuri katika mashine mbili zilizokufa ili kufufua moja. Baada ya misimu miwili ya mvua, katika zile 40 zilizobaki zikiwaka zilikuwa 11.

Hizo 11 nazo zilikaa nyuma ya kufuli. Kwa kuogopa wizi, ufunguo tuliukabidhi kwa mhasibu wa chuo. Mhasibu akienda benki, chumba hakifunguliwi. Akiwa na wakaguzi, hakifunguliwi. Kwa kawaida kilikuwa wazi kwa muda wa saa 4 tu kwa siku, siku 5 kwa wiki, tena asubuhi, wakati ule ule ambao wanafunzi wako darasani au wodini.

BINTI WA USHARIKA WENU

Haya hatukuyagundua kwa ukaguzi. Tuliyajua kwa sababu ya binti mmoja. Hatutamtaja jina, maana sasa yuko kazini na ana heshima zake. Inatosha kusema kwamba ada yake ililipwa na usharika mmojawapo uliomo humu ukumbini, kwa mnada wa mahindi na kuku baada ya ibada, Jumapili baada ya Jumapili.

Mwaka wake wa mwisho alitakiwa kuandika ripoti ya mafunzo ya vitendo. Chumba cha kompyuta kilikuwa kimefungwa kila alipopata nafasi. Akaiandika kwa mkono, kisha akateremka kwa miguu hadi steshenari iliyo karibu na stendi, akalipia kuchapiwa kila ukurasa. Mwalimu aliporekebisha, akalipia tena. Siku mbili kabla ya kukabidhi, flashi iliingia virusi na kazi yote ikapotea. Fedha ilikuwa imekwisha. Aliazima simu ya mwenzake akaiandika ripoti upya kwa kidole gumba, usiku mbili, kwenye kioo chenye ufa.

Tunamshukuru Mungu alifaulu. Alipokuja ofisini kuaga tulimpongeza, naye akashukuru kwa adabu. Kisha akauliza, "Shikamooni wazee wangu, naomba kuuliza. Zile kompyuta zilizotoka kwenye jarida ni za nani?"

Hakuuliza kwa jeuri. Alitaka kujua tu, kwa sababu kwa miaka mitatu alipita mbele ya mlango ule akidhani ni za walimu.

HESABU YA SAA, SIYO YA MASHINE

Baada ya hapo tuliweka daftari mlangoni kwa wiki mbili, na kumwomba mlinzi aandike nani aliingia na nani alikuta kufuli. Tulipolisoma tuliona aibu: waliorudi walikuwa wengi kuliko walioingia. Ndipo tulipokaa na kalamu na kupiga hesabu ambayo tungepaswa kuipiga kabla ya kukata utepe. Tunaomba mwenye kalamu aandike pamoja nasi.

Kompyuta 11, zikifunguliwa saa 4 kwa siku, siku 5 kwa wiki, ni saa 220. Wanafunzi 240 wakigawana saa 220, kila mmoja anapata dakika 55 kwa wiki nzima. Hapo ni kama hakuna aliyegongana na mwenzake na umeme haukukatika hata mara moja.

Sasa tuziache mashine zile zile 11, tusiongeze hata moja, ila chumba kifunguliwe kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 4 usiku, Jumatatu hadi Jumamosi. Hiyo ni saa 12 kwa siku, siku 6. Tunapata saa 792. Kila mwanafunzi anapata zaidi ya saa 3 kwa wiki.

Na je, kama zile 40 zote zingekuwa hai, lakini kwa utaratibu wetu wa zamani wa saa 4 kwa siku? Ni saa 800. Yaani kompyuta 11 zenye mlango ulio wazi zinakaribia kabisa kompyuta 40 zenye ufunguo mfukoni mwa mhasibu. Tofauti yake ni saa 8 kwa wiki.

Ndugu zetu, hilo ndilo tulilotaka kuwaambia leo. Miaka yote hii sisi na wafadhili wetu tumekuwa tukihesabu mashine, kwa sababu mashine huonekana kwenye picha. Mwanafunzi hatumii mashine iliyo kwenye picha. Anatumia saa moja ya kukaa mbele ya kompyuta inayowaka, wakati ambao yeye ana nafasi. Saa hiyo inatengenezwa na umeme, fundi, ulinzi, na mtu wa kushika ufunguo. Vitu hivyo havikatiwi utepe.

"KILA MWANAFUNZI ANA SIMU"

Tulipozungumza jambo hili majimboni, wajumbe kadhaa walituuliza swali zuri: siku hizi vijana wote wana simu, chumba cha kompyuta cha nini tena?

Simu ni msaada mkubwa na hatuibezi. Lakini kwanza, si wote wenye simu janja, na wasio nazo ndio hasa wale mnaowalipia ada. Pili, kifurushi cha intaneti ni fedha ya chakula. Tatu, kuna kazi ambazo simu haikufundishi. Vituo vingi vya afya vya serikali nchini sasa vinaandikisha wagonjwa, dawa na malipo kwa mfumo wa kompyuta uitwao GoTHOMIS. Muuguzi anayetoka chuoni bila kujua kutumia kibodi anakuta foleni ya wagonjwa dirishani, na yeye anatafuta herufi moja moja. Mgonjwa ndiye anayesubiri. Hata maombi ya ajira serikalini na ya mikopo ya wanafunzi yanafanywa kwa mtandao. Kijana asiyeweza kujaza fomu mwenyewe anamlipa mtu wa steshenari, na kumwachia na namba yake ya siri.

Hivyo tunahitaji vyote viwili. Tutakuja kueleza jinsi chumba kimoja kinavyoweza kusaidia hata simu.

TUMEWAHI KUJIFUNZA HAYA KAMA TAIFA

Wazee wetu humu ndani watakumbuka kwamba somo hili si geni. Kompyuta ya kwanza Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mashine zikaongezeka, lakini wataalamu wa kuziendesha walikuwa wachache na mifumo haikupangwa vizuri. Baada ya fedha nyingi kupotea, mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na ilichukua miaka mingi kabla masharti hayo kulegezwa. Tulinunua mashine kabla ya kuandaa watu. Gharama yake ilikuwa kubaki nyuma miaka hiyo yote.

Mfano wa kutia moyo nao tunao nyumbani. Chuo cha Iringa, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Tumaini cha kanisa letu na leo kinaitwa Chuo Kikuu cha Iringa, kilianzisha shahada ya teknolojia ya habari mwaka 2007 kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Joensuu cha Finland. Waandaaji hawakunakili tu mtaala wa Ulaya. Waliupanga kufuatana na mazingira ya hapa, wakitilia mkazo kazi za mikono na matatizo ambayo mhitimu atayakuta kweli kazini. Kwetu sisi somo lake ni hili: fundi wa kompyuta anaweza kufundishwa papa hapa, kwa umeme wetu na vumbi letu, na akishafundishwa ndiye anayezipa mashine maisha.

TULICHOBADILISHA HADI SASA

Tangu lile daftari la mlangoni, tumefanya mambo manne kwa fedha kidogo iliyokuwepo.

Kwanza, ufunguo. Umetoka kwa mhasibu na kwenda kwa mkutubi, pamoja na wanafunzi wanne wanaopokezana zamu. Wanalipwa posho ndogo, na kila mmoja anasaini mashine zikiwa ngapi anapoingia na anapotoka. Tuliogopa wizi, lakini kumbe chumba chenye watu ndani muda wote kina ulinzi kuliko chumba kitupu chenye kufuli.

Pili, saa za jioni. Hapa tulikosea mwanzoni. Tulifungua hadi saa 4 usiku tukafurahi, kisha mkutubi akatuonyesha daftari: baada ya saa 1 jioni walioingia karibu wote walikuwa wavulana. Tukamwomba matroni awaulize mabinti. Wakasema njia kutoka bwenini ni giza na inapita kwenye migomba. Tuliweka taa nne na mlinzi mmoja njiani, na mabinti wakaanza kuja. Tunawaomba mkumbuke jambo hilo: kwa nusu ya wanafunzi wetu, kifaa cha teknolojia kilichokosekana kilikuwa taa ya njiani.

Tatu, radi na vumbi. Waya wa kupeleka radi ardhini umewekwa. Viatu vinavuliwa mlangoni. Kila Ijumaa mashine zinafunguliwa na kupulizwa vumbi, na usiku zinafunikwa kwa vitambaa vilivyoshonwa na akina mama wa usharika jirani bila malipo. Tunawashukuru sana.

Nne, kompyuta isiyo na intaneti lakini yenye maktaba. Jambo hili linahitaji maelezo kidogo.

MAKTABA NDANI YA SANDUKU DOGO

Sharika nyingi zinadhani kompyuta bila intaneti ni sanduku tu. Sivyo. Tumeweka chuoni kompyuta ndogo sana, inayotoshea kiganjani, ambayo inatumia umeme mdogo kuliko balbu za zamani. Kazi yake ni kuwa seva, yaani ghala la pamoja. Kwa programu ya bure iitwayo Kiwix, tumehifadhi humo Wikipedia ya Kiswahili, pamoja na makala za tiba za Wikipedia ya Kiingereza. Tumeongeza miongozo ya matibabu ya Wizara ya Afya na maandishi ya masomo ya walimu wetu. Seva hiyo inarusha waifai chumbani na kwenye bweni lililo karibu. Mwanafunzi mwenye simu anajiunga na kusoma bila kutumia hata shilingi moja ya kifurushi. Hivi ndivyo chumba kinavyosaidia simu.

Umuhimu wake ulidhihirika tarehe 12 Mei 2024. Siku hiyo nyaya mbili za baharini zinazoleta intaneti Afrika Mashariki, EASSy na Seacom, zilikatika huko kusini, na mtandao nchini ukadorora sana. Benki zilihangaika na maofisi yalihangaika. Wanafunzi wetu waliendelea kusoma, maana maktaba yao ilikuwa ndani ya chumba chao.

Tunakumbuka pia mwaka 2020. Vyuo vilifungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona na kufunguliwa tena tarehe 1 Juni. Vyuo vilivyokuwa vimezoea kuweka masomo kwenye kompyuta viliweza kuwafuata wanafunzi wao majumbani, japo kwa shida. Sisi hatukuweza kumfuata hata mmoja. Hatutaki tukutwe hivyo tena.

Intaneti yenyewe hata hivyo tunaihitaji, ingawa kwa kiasi. Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa walianzisha mwaka 2002 mpango wa Hinari, unaoziwezesha taasisi za nchi kama yetu kusoma majarida ya tiba bila malipo au kwa ada ndogo. Chuo chetu kingeweza kujiandikisha miaka mingi iliyopita, lakini hakuna aliyepewa kazi hiyo. Sasa amepewa mkutubi. Halikuwa suala la fedha hata kidogo.

KONTENA LA PILI

Sasa tuje kwenye uamuzi. Marafiki zetu wameandika kwamba wanaweza kutupatia kompyuta nyingine nyingi, kubwa za mezani. Tunajua sababu mojawapo ya kupatikana kwake. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama, yale ya bila malipo, kwa programu yake ya Windows 10. Mashine nyingi za umri fulani haziwezi kupokea ile inayofuata, Windows 11, kwa hiyo maofisi mengi duniani yanabadilisha kompyuta. Zinazotolewa nyingine bado ni nzima kabisa. Nyingine ni mzigo.

Tunasema haya mbele ya marafiki zetu wenyewe kwa sababu tunawaheshimu. Mgeni akikuletea zawadi, desturi yetu ni kupokea kwa mikono miwili na kushukuru, wala hauulizi. Desturi hiyo ni nzuri, lakini ndiyo iliyotuletea mashine 29 zilizokufa, ambazo hadi leo zimo stoo. Haziwezi kutupwa kwenye shimo la taka, kwa sababu vioo vya zile monita za zamani zenye mgongo vina madini ya risasi, na maji ya kisima chetu yako bondeni. Tena tangu tarehe 1 Januari 2025, kwa Mkataba wa Basel, taka zote za vifaa vya umeme haziruhusiwi kuvushwa mpaka bila idhini ya nchi inayozipokea. Mashine mbovu si zawadi tena hata kwa sheria.

Kuna na suala la umeme. Kompyuta ya zamani ya mezani pamoja na monita yake yaweza kula wati 150. Mashine 40 ni wati 6,000. Kompyuta ndogo ya mkononi hutosheka na wati 40 hivi. Ishirini ni wati 800, ambazo mfumo wa sola wa kiasi unaweza kuzihudumia jioni nzima. Isitoshe, ya mkononi ina betri yake. Umeme ukikatika ghafla, mwanafunzi anamalizia sentensi yake na kuhifadhi kazi, wakati wa kompyuta ya mezani amepoteza kila kitu.

Kwa hiyo ofisi ya miradi inapendekeza kwamba kontena kama lilivyopangwa tusilipokee. Badala yake tuwaombe marafiki zetu kompyuta za mkononi 20 tu, kwa masharti haya:

(a) Kila moja iwe imewashwa na kujaribiwa kabla ya kusafirishwa, na iwe na chaja yake na betri inayodumu.

(b) Ziwe za aina moja au mbili tu, ili kipuri cha moja kifae kwa nyingine.

(c) Zisizoweza kupokea Windows 11 ziwekwe programu ya bure ya Linux, ambayo inaendelea kupata marekebisho ya usalama na hailipiwi leseni.

(d) Angalau moja iwekwe programu ya NVDA, inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye kioo, ili mwenye uono hafifu naye aweze kuitumia. Programu hii ni ya bure.

(e) Fedha itakayookolewa kwenye usafiri wa kontena ielekezwe kwenye mambo ambayo hayapigwi picha: mshahara wa fundi mmoja, sola na betri kwa ajili ya jioni, na akiba ya vipuri.

OMBI LETU KWA MARAFIKI

Tunajua ugumu wenu. Washarika wenu huko nyumbani wanapenda kuona kitu. Ni rahisi kuwaonyesha kompyuta, ni vigumu kuwaonyesha mshahara wa fundi. Tunaahidi kuwasaidia katika hilo. Kila robo mwaka tutawaandikia namba tatu: mashine ngapi zinawaka, chumba kilikuwa wazi saa ngapi, na wanafunzi wangapi waliingia, mabinti na wavulana. Namba zikishuka tutaandika zimeshuka, na sababu yake. Jarida hili halitatoa tena picha ya utepe bila kutoa namba hizo mwaka unaofuata.

Tunawaomba pia mshahara huo mtuchangie kwa miaka mitatu tu, kila mwaka mkipunguza theluthi. Mwaka wa nne uwe wetu wenyewe. Msaada usio na mwisho hutufanya tusahau kuhesabu.

OMBI LETU KWA SHARIKA

Na mwaka huo wa nne utatoka wapi? Utatoka kwenu, wapendwa. Hatuombi kila usharika ununue kompyuta. Tunaomba kila usharika, katika mavuno ya kila mwaka, utenge fungu moja la Mfuko wa Matunzo wa chuo. Debe la mahindi, jogoo mmoja kwenye mnada, chochote. Chuo nacho kitaongeza kiasi kidogo kutoka kwenye ada, na jioni za Jumamosi fundi atafungua chumba kwa watu wa nje kwa malipo nafuu: walimu, watendaji wa vijiji, vijana wanaoomba kazi. Makisio yote yamo kwenye karatasi mliyogawiwa, nasi tunaomba kamati ziyakague bila kutuonea haya.

Tunaomba pia kila kamati imtume mjumbe mmoja, mara moja kwa mwaka, bila kutoa taarifa. Aje saa 2 usiku. Asiulize ofisini. Aende moja kwa moja mlangoni na kuona kama kuna mwanga, kama njia ya mabinti ina taa, na kama watoto wenu wameketi ndani. Huo ndio ukaguzi tunaouamini.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ukuta tumeshaujenga mara moja, kwa mashine 29. Bwana wetu naye alifundisha juu ya mtu atakaye kujenga mnara, kwamba aketi kwanza ahesabu gharama. Tulipopokea kontena la kwanza hatukuketi. Leo tumeketi, na hesabu mnayo mikononi.

Yule binti siku hizi anafanya kazi katika zahanati moja iliyo mbali na barabara kuu. Mwezi uliopita tulimwandikia ujumbe kumwambia kwamba chumba sasa kinafunguliwa hadi saa 4 usiku. Alijibu kwa maneno machache: mdogo wake amepata nafasi chuoni mwaka huu, na atamwambia aulize ufunguo uko kwa nani.

Tunaomba tupige kura tukiwa na jibu la swali la mdogo wake.